Msalimiaji Hasubiriwi

Tulimwita Bwana Shamba kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na shamba lake lilikuwa baya kuliko yote mtaani kwetu. Mahindi yake yalisimama kwa aibu, machache na ya manjano, na mbuzi wa jirani waliyatembelea kama watu waendao dukani. Asubuhi alitoka kwenda Murungu kuwaonyesha wakulima nafasi ifaayo kati ya mche na mche. Jioni alirudi, akayatazama mahindi yake mwenyewe akiwa bado juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, kisha akatikisa kichwa kama mganga aliyeitiwa mgonjwa kwa kuchelewa. Mke wake alipomwuliza atapalilia lini, alijibu, "Kesho, mama. Leo nimepalilia ya watu."

Alikuja Kibondo kutoka Kondoa, mtumishi wa serikali miongoni mwa wengi waliopangiwa huku na kuanza kuomba uhamisho kabla hawajafungua masanduku. Yeye hakuomba. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliosema kuna jambo analikimbia kwao. Mimi nadhani ilikuwa baiskeli tu. Kwa miaka mingi alivifikia vijiji vya mbali kwa kuinyonga, mvua na jua, mpaka milima yetu ikamwingia mwilini. Alipenda kusema kwamba nchi hii iliumbwa kwa ajili ya baiskeli, ila waendeshaji walisahauliwa.

Msafara wake ulikutana Jumapili saa tisa alasiri, mbele ya duka la pembejeo. Saa hiyo haikupatikana kwa urahisi. Ijumaa ilikuwa yake na msikiti wake. Jumamosi ilikuwa ya Wasabato, na nesi mmoja wa kwetu hakuwa tayari hata kuijadili. Jumapili asubuhi makanisa yaliwachukua wote waliobaki, kwaya kwa kwaya. Saa tisa alasiri, alisema, ibada ya kila mtu imekwisha kufika inakokwenda, na wali wa kila mtu umekwisha kutulia tumboni.

Nilikwenda kwake nikiwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Kasulu niliyeolewa na kufanya kazi Kibondo, na ambaye daktari alikuwa amemweleza, kwa upole wa kutisha, kwamba sukari imeanza kupanda. Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia. Bwana Shamba aliizunguka, akaibonyeza matairi, kisha akanitazama mimi kwa namna ileile.

"Mwalimu, unataka kufika wapi?"

"Popote tu, Bwana Shamba. Nifanye mazoezi."

"Popote haina barabara. Taja mahali."

Nikataja Kasulu, kwa sababu ndiko aliko mama yangu, na kwa sababu sikuwa nimefikiri. Wenzake waliokuwa wakijaza upepo waliinua vichwa. Fidesi, fundi cherehani ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi na kuzeekea huku, aliachia pampu akacheka. "Yoo! Mama wa watu kajichagulia kaburi!"

"Amechagua vizuri," alisema Bwana Shamba. "Nane Nane tunakwenda wote."

Katika neno hilo la mwisho, *wote*, ndimo alimokuwa Bwana Shamba mzimamzima. Kila mwaka, siku ya wakulima, wakati ambapo mtumishi wa idara yake alipaswa kusimama kwenye maonyesho akieleza mbolea, yeye aliomba ruhusa akauongoza msafara kutoka Kibondo hadi Kasulu, kutwa nzima, vilima juu ya vilima. Na kila mwaka, tangu alipouanzisha, palikuwa na mmoja ambaye hakufika. Mwaka mmoja mnyororo ulikatika mahali pasipo fundi. Mwaka mwingine nesi alishikwa na tumbo. Mwaka mwingine Fidesi alipigiwa simu kwamba mwanawe ana homa, akageuza baiskeli. Waliobaki walifika, wakapiga picha, wakanywa soda, wakafurahi. Bwana Shamba hakufurahi. Alisimama pembeni akihesabu kwa macho, kama mtu anayejua jibu na bado anatumaini kukosea.

"Mkulima hatazami mche mrefu," aliniambia siku moja. "Mche mrefu hata mpita njia anauona. Mkulima anatazama mapengo ya mstari."

Alikuwa na hamu moja tu, kwa kadiri nilivyomfahamu, nayo ilikuwa kufika Kasulu siku moja na mstari usio na pengo.

*

Mtu asiyekulia huku hawezi kujua upesi taabu iliyoukabili msafara wetu. Kwetu Waha salamu si neno la kurusha ukipita. Mtoto akimkuta mkubwa huinama, hupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyopinda kidogo, huuliza, huulizwa, hujibu, na hayo yote yana mwendo wake kama wimbo. Kumpita mzee barabarani ukiwa umejiinamia juu ya baiskeli, kimya, kama mtu anayekimbia deni la msiba, ni jambo litakalomfikia mama yako kabla wewe hujafika nyumbani.

Kwa hiyo msafara ulisimama. Ulisimama kwa mzee aliyebeba kuni, kwa bibi aliyeanika muhogo, kwa baba wa kanisa, kwa mjomba wa mtu. Tulipanda kilima nusu, tukashuka, tukainama, tukapiga makofi, tukapanda tena. Josia, mchuuzi wa ndizi ambaye akiutua mzigo baiskeli yake iliruka kama ndama, alikuwa akilalamika kila mara. "Bwana Shamba, haya si mazoezi. Hii ni posa."

Mwingine angekataza salamu, na msafara ungekufa wiki hiyohiyo. Bwana Shamba alikaa na jambo hilo kwa muda, kisha Jumapili moja akatangaza kwamba tangu leo msafara utakuwa na msalimiaji. Msalimiaji anakaa wa mwisho. Tukimkuta mkubwa, sisi wote tunainua mkono na kuinamisha kichwa, tunaendelea kunyonga. Yeye anashuka, anaegesha baiskeli, anasalimu kwa niaba ya wote, kwa ukamilifu, kisha anatufuata mpaka atufikie.

Akaweka sheria mbili. Ya kwanza, salamu haikatwi. Ya pili, msalimiaji hasubiriwi.

Ilituchukua muda kuona alichokifanya. Kumfukuza mwenzako aliyekuacha kwenye kilima, ukamfikia, ukapumua kidogo, kisha ukaachwa tena kwa sababu mzee mwingine ametokea kwenye migomba: hakuna zoezi kali kuliko hilo. Na lilimpata mmoja tu kwa siku, yule ambaye wiki yake ilidai ukali. Waliopaswa kupumzika walikaa katikati ya mstari, wamejificha na upepo nyuma ya migongo ya wenzao, wakizungumza habari za maharage. Josia alipangiwa kukaa mbele na kuukata upepo kwa mwendo wa wote, jambo lililomtesa kuliko mlima wowote. Kila mtu alikuwa kwenye msafara mmoja, barabara moja, na kila mtu alikuwa anafanya mazoezi yake.

Wakubwa wa njiani nao walipenda. Walikuwa wakipata salamu kamili, kutoka kwa mtu mwenye jasho la kweli.

*

Mwaka wangu wa kwanza sikumsikiliza. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Kila Jumapili nililing'ang'ania gurudumu la Josia hadi macho yakafanya ukungu, nikarudi nyumbani nimeridhika, na Jumatatu nikashuka ngazi za shule nikijishikilia ukutani. Katikati ya wiki sikugusa baiskeli, kwa kuwa miguu haikutaka. Jumapili nikaanza tena. Nilidhani najenga nguvu.

Alinivumilia miezi miwili. Kisha, tukiwa tunakunywa chai kwa mama muuza chapati, akasema bila kuinua macho kwenye kikombe, "Mwalimu, wewe kila Jumapili unatoa mtihani. Unafundisha lini?"

Nilicheka, nikaona ni mzaha mzuri, nikaendelea vilevile. Nane Nane hiyo niliishiwa kabla ya Nyakitonto. Sikuanguka. Miguu ilikataa tu, kama punda. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyesimamisha lori la maharage, akaipandisha baiskeli yangu juu ya magunia, akanifunikia mabega kwa koti lake. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona pengo. Aliniambia maneno mawili tu: "Umevuna mbichi."

Mama yangu alikuwa amesimama barabarani Kasulu na majirani zake, wamejipanga kunipokea. Aliponiona ninashushwa kutoka juu ya magunia akashika kiuno. "Umeletwa na baiskeli, mwanangu, au umeletwa na maharage?"

Mwaka uliofuata nilifanya kama nilivyoelekezwa. Jumanne peke yangu, polepole kiasi cha kuona aibu kupitwa na wanafunzi wangu. Alhamisi kilima kimoja, juu na chini, mpaka nikayajua mawe yake. Na Jumapili, kwenye msafara, jambo moja tu, si zaidi. "Ukienda shambani na jembe, panga, mbegu na ndoo," alisema, "utarudi umechoka na hujapanda kitu." Jumapili moja kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na gurudumu la mbele yangu bila kuogopa. Nyingine ilikuwa kunywa maji bila kuyumba. Nyingine kukaa mbele kwa muda mfupi, kupokea upepo, na kuuachia kabla sijachoka, si baada ya kuchoka. Kisha ikaja Jumapili ya kutofanya lolote, kukaa katikati na kusikiliza umbea. Hiyo aliiita kuliacha shamba. Ilikuwa ngumu kwangu kuliko zote.

Kisha nikawa msalimiaji.

Kwenye mlima wa Murungu alikaa bibi mmoja ambaye kila aliponiona alinibakiza muda ambao dini zote zingeuona mrefu. Nilipiga makofi, nikauliza hali, naye akaanza.

"Watoto?"

"Hawajambo, bibi."

"Mama yako Kasulu?"

"Mzima, bibi."

"Na mbuzi?"

"Sina mbuzi, bibi."

"Huna mbuzi! Kwa nini huna mbuzi?"

Msafara ulikuwa umekwisha kupotelea kwenye kona, na mimi nimeinama pale nikieleza kwa nini mtumishi wa serikali hana mbuzi. Nilifika juu nikiwa sina pumzi ya kulaumu. Ilikuwa baada ya mwaka mzima ndipo Fidesi aliponifunulia, huku akishona gauni langu na pini mdomoni, kwamba Bwana Shamba alikuwa akipita kwa bibi yule siku za kazi na kumwomba. "Alimwambia, bibi, huyu mwalimu mshike sana, miguu yake inakua. Bibi akauliza nimshike na nini. Akasema, mwulize mifugo."

Mwaka huo nilifika Kasulu kwa nguvu za miguu yangu. Pengo lilikuwa la mwingine.

*

Alikuwa mtu wa kutufundisha kupumzika ambaye hakujua kukaa kwenye kiti. Alituambia tule kabla njaa haijaja, naye alisahau chakula mpaka mke wake akamfungia viazi kwenye kitambaa na kuvitia mfukoni mwa koti kama anamfungasha mtoto wa shule. Wakati wa Ramadhani alikaa wa mwisho kabisa, mkimya, midomo imekauka, na mtu akimhurumia alisema udongo nao una mwezi wake wa kulala. Hasira yake niliiona mara moja tu, siku ambayo Josia alimwacha mgeni nyuma kwenye mteremko ili aonekane ana kasi. Hakumfokea. Alimpangia usalimiaji wiki tatu mfululizo, akahakikisha tunapita kwenye kila msiba wa tarafa.

Na yeye mwenyewe, aliyetulazimisha salamu kamili, hakuweza kupiga makofi yake. Miaka yote aliyoishi kwetu, viganja vyake havikuupata mwendo. Vilikosana kama watu waliogombana. Kimoja kiliwahi, kingine kikachelewa, na sauti ikatoka kama mtu anayekung'uta unga. Wazee walimpenda kwa ajili hiyo. Walimjibu huku wakiuma midomo wasicheke, na akiondoka watoto walimwigiza. Alijua. "Nia yangu inafika kabla ya mikono," alisema.

Mwaka wa mwisho aliotuongoza, pengo lilikuwa yeye. Goti lilivimba katikati ya safari, na ndiye aliyepandishwa garini. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, amekaa kinyume na watu wote, akitutazama sisi tuliobaki tunazidi kuwa wadogo. Jioni hiyo Kasulu hakuna aliyepiga picha.

Alipostaafu tulidhani atarudi Kondoa. Badala yake mke wake alipata kiwanja Nyakitonto, kando ya barabara, wakajenga huko. Siku ya kuhama alinikabidhi msafara akiwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba.

"Josia umtulize. Fidesi usimguse, anajijua. Na wewe usikae mbele kila siku kwa sababu tu umepewa ukubwa."

"Na Nane Nane?"

Alilipapasa goti lake. "Mtanikuta njiani."

*

Nane Nane iliyopita tuliondoka Kibondo alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, na salamu za asubuhi, *mwakeye, mwakeye*, zikitufuata kutoka uani. Usalimiaji tuliugawa kwa sehemu za njia, kama siku zote za safari ndefu. Sehemu ya mwisho, kutoka Nyakitonto kuingia Kasulu, niliipanga kwa Josia, kwa kuwa alasiri upepo huko hutoka mbele, na atakayeachwa nyuma peke yake ataupokea kifuani hadi mjini. Tulikuwa wote. Hakuna mnyororo uliokatika wala simu iliyolia. Hatukulisema jambo hilo, kama watu wanavyoogopa kutaja mvua.

Kabla ya Nyakitonto Fidesi alikuja ubavuni pangu. "Mwalimu, mzee yuko nje. Josia anasema hashuki."

"Hashuki vipi? Ni zamu yake."

Josia aligeuza kichwa kidogo tu. "Yule si wangu, Mwalimu. Yule ni wako. Unajua hivyo."

Nilijua. Nilijua pia kwamba kati yetu wote nilikuwa mmoja wa wale ambao upepo ule ungeweza kuwavunja, na kwamba nikivunjika, mstari uliofika hadi hapa ungepata pengo lake palepale pa zamani. Nikarudi nyuma, nikawa wa mwisho.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo kati ya magoti, amevaa koti lile la kazini ambalo rangi yake ilikuwa imebaki kwenye mishono tu. Nyuma yake mahindi yalikuwa yamevunwa na mabua yamebaki, machache kama kawaida. Msafara ulipita. Mikono iliinuka, vichwa viliinama. Nilimwona akitutazama mmoja mmoja, midomo ikienda, na alipofika kwangu midomo ikasimama. Nilishuka.

Akaruka kutoka kwenye kigoda kama aliyeungua. "Mwalimu! Panda! Panda uende, wanakuacha!"

Niliegesha baiskeli.

"Mko wote! Nimewahesabu! Mwalimu, nakuomba, nimekwisha kusalimiwa, imetosha!"

"Salamu haikatwi, Bwana Shamba."

Nikainama, nikapiga makofi, taratibu, kama nilivyofundishwa na mama yangu, bila kuharakisha hata kofi moja. Alisimama amenyanyua fimbo kunielekeza barabarani, na fimbo ikashuka yenyewe. Akajibu. Niliuliza goti. Akasema linajua hali ya hewa kuliko redio. Niliuliza mke wake, akasema yuko sokoni. Masikio yangu yalisikia msafara ukizama kwenye mteremko, ile sauti ya magurudumu mengi kama mvua inayohama.

"Na mbuzi?" nikauliza.

Akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mbuzi hawajambo. Mahindi ndiyo hayapo."

Nilipopanda aliifuata baiskeli akichechemea, akaweka kiganja nyuma ya tandiko, akanisukuma. Ulikuwa msukumo mdogo, wa mkono wa mzee, lakini niliusikia mgongoni hadi kilima cha kwanza.

Upepo ulikuwapo, kama nilivyotarajia. Mwanamke niliyekuwa mwaka wa magunia angeufukuza msafara kwa hasira na kufia kwenye kilima cha pili. Mimi sikuufukuza. Niliukaribia. Nilinyonga kwa pumzi ya Alhamisi, nikateremka kwa mapumziko ya Jumanne, na kila nilipotoka bondeni nilitafuta kitenge cha njano ambacho Fidesi alijifunga kiunoni. Kilionekana, kikapotea. Kilionekana tena, kikubwa kidogo. Hawakunisubiri. Namshukuru Mungu hawakunisubiri. Nyumba za kwanza za Kasulu zilikuwa zimekwisha kuanza nilipolishika gurudumu la mwisho, na Fidesi, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kuniudhi, "Eh, mbuzi wa mzee ni wengi hivyo?"

Tuliingia mjini. Mama yangu alikuwa barabarani, kiuno tayari kimeshikwa, akakiachia akaanza vigelegele. Nilisogea kando kwenye kivuli cha duka, nikapiga simu.

Ililia mara moja tu. Hakunisalimu.

"Mapengo?" aliuliza.

"Hakuna, Bwana Shamba."

Sikusikia neno tena. Nilisikia simu ikiwekwa mahali, pengine juu ya kigoda, na kuku, na lori likipita. Kisha, kwa mbali, taratibu, yakaanza makofi, kiganja kimoja kikiwahi na kingine kikichelewa, kama mtu anayekung'uta unga. Niliinama palepale dukani, mbele ya watu, nikasikiliza mpaka mwisho.